Kabla hamjanunua bomba hata moja

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 48 ukanda wa chini wa Moshi, upande wa Kahe. Tuna hekta 60 zinazopakana. Miaka sita sasa maji yanasimama shambani kuanzia Aprili hadi Julai, mahindi yanageuka manjano kabla ya kutoa mbelewele, na upande wa kusini ardhi inatoa unga mweupe. Mhandisi mmoja ametuletea pendekezo la kufukia mabomba ya plastiki yenye matundu shamba zima, kina cha mita 1.2, kila baada ya mita 20. Ada yake ni asilimia 10 ya gharama za ujenzi. Jirani yetu anasema huo ni wizi, tukodi kijiko tuchimbe mtaro mmoja mkubwa basi. Je, tunahitaji mhandisi kweli? Na tukimlipa, tunalipia nini hasa?

JIBU: Marahaba, Katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Hekta 60, bomba kila mita 20, maana yake ni mita 500 za bomba kwa kila hekta, na kilomita 30 kwa shamba zima. Hizo ni kilomita 30 za kuchimba, kulaza na kufukia. Nikarudi kutafuta katika maelezo yako mahali ambapo huyo mhandisi alitoboa ardhi hata tundu moja ili ajue kama inahitaji mita 20, mita 40 au mita 8. Sikupaona. Hiyo 20 imetoka wapi?

Ndiyo, mnahitaji mhandisi. Ila kazi mnayoihitaji kwake inatangulia michoro ya mabomba, na mkiiruka, michoro yote inayofuata ni ubashiri uliopigwa muhuri. Kazi yenyewe ni kuwajibuni mambo matatu: maji haya yanatoka wapi, udongo wenu unayapitisha kwa kasi gani, na mkiyatoa yataishia wapi. Jirani yenu mwenye kijiko naye hajajibu hata moja, kwa hiyo msimcheke mhandisi na kumshangilia yeye.

Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloua miradi.

Nilipokuwa bado kijana kazini nilitumwa kukagua skimu moja, nisiitaje, iliyolalamikiwa kwamba mabomba yake hayafanyi kazi. Tulifika masika yakiwa yamekolea. Tukakuta wakulima wameziba midomo ya mabomba kwa viroba vya mchanga. Nikadhani ni hujuma. Mzee mmoja akatoa kiroba kimoja ili nione, na maji ya mto yakaanza kuingia ndani ya bomba kuelekea shambani. Aliyesanifu alipima usawa wa mto mwezi wa Februari, maji yakiwa chini kabisa. Aprili mto ulipanda zaidi ya mita moja, na ile mitaro ya kutoa maji ikageuka ya kuyaleta. Kila kitu kingine kilikuwa sahihi: bomba zuri, kokoto safi, mkandarasi mwaminifu.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mhandisi yeyote ni hili: mto au korongo tutakalomwagia, maji yake hufika wapi mwezi wa Aprili, na hukaa hapo siku ngapi? Asiridhike na kusimama ukingoni. Atafute alama za mafuriko kwenye miti na nguzo za daraja, aulize wenyeji, achukue kumbukumbu za mto kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake kuu ipo hapo hapo Moshi mjini. Kisha apime mwinuko wa shamba lenu lote kwa levo, ile darubini ya kupimia usawa, au kwa vifaa vya setilaiti vya wapimaji, aweke nguzo mbili au tatu za zege kama alama za kudumu, na awachoreeni mstari kuanzia kona ya juu ya shamba hadi mtoni, ukionyesha uso wa ardhi, kitako cha mfereji na usawa wa mto wakati wa masika, vyote kwenye karatasi moja. Ukitaka kujua kama mhandisi ni mhandisi, mwombe karatasi hiyo. Kama mstari wa mto unapita juu ya mstari wa kitako cha mfereji, mabomba ya mita 1.2 hayatatoa maji katika miezi ileile mnayoyahitaji. Hapo mtalazimika kuchagua: kusogeza mdomo chini zaidi mtoni, kuweka mlango wa kujifunga wenyewe mto unapopanda, au kuweka pampu. Pampu inahitaji mafuta au umeme kila mwaka, na kikundi kisichochangishana kwa urahisi kisijidanganye nayo.

Sasa maji yanatoka wapi. Kwenu huko hili ni tamu, na naomba unisamehe nikilikalia.

Watu wengi wakiona maji shambani hutazama mbinguni. Lakini ninyi mpo miguuni pa mlima. Mvua inayonyesha msituni Kilimanjaro inazama kwenye miamba ya volkano, inatembea chini kwa chini, na inaibuka kwenye chemchemi za ukanda wa tambarare. Miwaleni mnaijua. Yapo pia maji yasiyopata pa kuibukia, yanasukuma kutoka chini. Juu yenu kuna mifereji ya udongo isiyosakafiwa, mingine ya zamani sana, na kila mfereji wa udongo unavuja. Wachagga wamejenga mifongo, ile mifereji yao ya asili, kwa vizazi na hakuna wa kuwafundisha namna ya kuleta maji. Kuyaondoa ndiko hakukuwa na mwalimu, kwa sababu juu kule mlimani maji hujiondokea yenyewe.

Kwa hiyo maji yenu yanaweza kuwa ya mvua iliyokosa njia, ya mfereji wa jirani wa juu, au ya mlima yanayopanda kutoka chini. Tiba zake hazifanani kabisa. Kama ni ya mvua, mifereji ya wazi na kusawazisha shamba kunaweza kutosha bila bomba hata moja. Kama yanavuja kutoka juu, mfereji mmoja wa kukinga, uliochimbwa kando ya mpaka wa juu kukatisha njia ya maji, unaweza kufanya kazi ambayo kilomita 30 za bomba zingefanya kwa shida. Kama yanapanda kutoka chini, mfereji wa kukinga hautasaidia sana, na mabomba yatatakiwa kubeba maji mengi kuliko kawaida, mwaka mzima.

Namna ya kujua si ya gharama. Nunueni bomba la plastiki la inchi mbili, mkate vipande vya mita mbili na nusu. Nusu ya chini ya kila kipande itobolewe kwa msumeno, izungushiwe kitambaa cha neti, isimamishwe ndani ya shimo lililochimbwa kwa keekee ya udongo, pembeni yake ijazwe changarawe, na juu kabisa ishindiliwe udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiteremke kandokando. Wekeni sita au nane, kwa mstari kutoka mpaka wa juu hadi wa chini. Kila Jumatatu asubuhi mtu mmoja, na awe yuleyule, ateremshe uzi wenye kizibo cha chupa mwishoni hadi asikie kimegusa maji, apime, aandike daftarini. Sehemu moja, afadhali katikati ya shamba, wekeni mabomba mawili jirani: moja la mita mbili, jingine la mita tano au sita lililotobolewa sehemu ya mwisho tu. Maji ya lile refu yakisimama juu kuliko ya lile fupi, basi chini kuna msukumo, na mlima ndio unaowaletea. Yakiwa sawa au chini zaidi, angalieni juu.

Na kuna jaribio jingine ambalo halitawagharimu hata shilingi. Ongeeni na kamati ya mfereji wa juu mjue siku watakayoufunga kwa usafi. Juma hilo pimeni kila siku, asubuhi na jioni. Kama maji kwenye mabomba ya mpaka wa juu yanashuka, na siku chache baada ya mfereji kufunguliwa yanapanda, mmepata mkosaji. Hapo huenda fedha zenu zikafanya kazi zaidi kwa kushirikiana nao kusakafia mita mia kadhaa za mfereji wao kuliko kuchimba kwenu. Mhandisi anayelipwa asilimia ya ujenzi hana haraka ya kuwashauri hivyo, na nitalirudia hilo.

Lililobaki ni udongo. Hapa ndipo ile namba ya mita 20 inapolala au kusimama.

Kuna kanuni iliyotolewa na Mholanzi mmoja, Hooghoudt, mwaka 1940, ambayo mpaka leo wasanifu wa mifereji ya chini ya ardhi duniani wanaitumia. Sitawachosha na herufi zake. Inasema nafasi kati ya bomba na bomba inategemea kasi ya udongo kupitisha maji, kina cha bomba, unene wa udongo ulio chini ya bomba kabla ya kufika tabaka lisilopitisha maji, na kiasi cha maji mnachotaka kiondoke kwa siku. Kina mtakichagua wenyewe, kiasi cha maji kinakadirika. Kasi ya udongo haikadiriki kwa macho. Inapimwa.

Inapimwa hivi. Chimba shimo kwa keekee yenye upana wa sentimita 8, liingie mita moja chini ya usawa wa maji ya ardhini. Liache hadi maji yatulie. Kisha yachote haraka yashuke kama sentimita 45, na mara yanapoanza kurudi, anza kusoma kwa saa ya sekunde. Tuseme karibu na sentimita 40 chini ya usawa wa mwanzo maji yanapanda sentimita moja kila sekunde 10: udongo huo unapitisha takribani nusu mita kwa siku. Yakipanda sentimita moja kila sekunde 100, unapitisha kama sentimita 5 tu kwa siku. Shimo moja linamaliza kama saa moja, na mtu na msaidizi wake wanaweza kupima mashimo sita kwa siku.

Sasa tazama tofauti yake mfukoni. Chukua bomba lenu la kina cha mita 1.2, la upana wa sentimita 10, na tuseme tabaka lisilopitisha maji lipo mita 3 chini ya bomba. Tunataka kuondoa milimita 3 kwa siku na maji yasipande zaidi ya sentimita 70 kutoka usoni katikati ya bomba na bomba. Nimepiga hesabu. Kwa udongo wa kwanza nafasi inatoka kama mita 37. Kwa udongo wa pili ni mita 8 na kidogo. Kwa hekta 60 hiyo ni kilomita 16 za bomba kwa udongo mmoja, na kilomita 70 kwa mwingine. Ile mita 20 mliyopewa inaweza kuwa bomba mara mbili ya mnalohitaji, au chini ya nusu ya linalohitajika. Siku mbili za kuchimba mashimo ndizo zinazotenganisha hayo, na mtu anataka muingie mkataba bila hizo siku mbili.

Na mkikuta ni ule udongo wa pili, mweusi, wa mbuga, unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kuwa ulimbo wakati wa masika, mhandisi mwema atawaambieni kwamba bomba si jibu. Hakuna anayefukia kilomita 70 za bomba kwa ajili ya mahindi. Hapo ni matuta mapana yaliyoinuka, mifereji ya wazi isiyo na kina kirefu, na shamba lililosawazishwa lisilo na vidimbwi. Pengine hekta zile za chini kabisa mziachie mpunga na majani ya ng'ombe, mkaushe zilizobaki. Mpunga unavumilia maji. Ila hauvumilii chumvi nyingi, na hilo linatupeleka kwenye ule unga mweupe.

Huo unga umenitia wasiwasi kuliko maji yenyewe. Maji ya kumwagilia, hata yakiwa matamu mdomoni, yana chumvi. Maji mazuri kabisa ya mto yanaweza kuwa na gramu 320 za chumvi katika kila mita moja ya ujazo. Mkimwagilia milimita 1,000 kwa mwaka, hekta moja inapokea mita za ujazo 10,000, na ndani yake kilo 3,200 za chumvi. Hesabu magunia ya kilo mia: 32, kila mwaka, kila hekta. Mmea unakunywa maji na kuacha chumvi, jua linavuta maji na kuacha chumvi. Kama hakuna njia ya kutokea, inabaki. Jirani zenu wa mashamba ya miwa ya Arusha Chini wamepambana na chumvi na maji ya chini kwa miongo mingi. Misri waliona jambo hilo kwa ukubwa zaidi: Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 maji yakapatikana mwaka mzima, maji ya ardhini yakapanda, na mwaka 1973 serikali ikaunda mamlaka nzima ya kushughulikia mifereji ya kutoa maji peke yake, ikafukia mabomba chini ya mamilioni ya feddan, kipimo chao cha ardhi kinachokaribiana na ekari.

Lakini kuna chumvi na kuna magadi, na mkichanganya mtajuta. Unga mweupe unaokauka na kupeperuka kwa kawaida ni chumvi ya kawaida, na huoshwa kwa maji mengi matamu, mradi yana pa kutokea. Magadi huacha uso mweusi, wenye kunata, kama umemwagiwa mafuta machafu. Maji hukaa juu yake siku nyingi huku sentimita 20 chini pakavu. Jaribio la jikoni: weka kijiko kimoja cha udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, acha hadi kesho. Maji yakibaki na wingu kama maji ya kuoshea mchele, shuku magadi. Kisha peleka sampuli maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, wapime uwezo wa maji ya udongo kupitisha umeme, uchachu wa udongo (pH), na uwiano wa sodiamu. Uwezo huo ukizidi desisimensi 4 kwa mita, udongo unahesabiwa kuwa wa chumvi. Lakini mahindi huanza kupunguza mavuno kwenye 1.7 hivi, na maharage kwenye 1.0. Mpunga hufika 3. Kwa hiyo usisubiri kuona unga ndipo uamini.

Kwa nini nasisitiza? Udongo wenye chumvi na magadi kwa pamoja ukiuosha kwa maji matamu bila kuupa kwanza jasi (jipsamu), chumvi inaondoka, magadi yanabaki, na chembechembe za udongo zinatawanyika na kuziba kila tundu. Ule uliokuwa unapitisha nusu mita kwa siku haupitishi tena kitu, na mabomba yenu yanalala chini pakavu kama mifupa. Jasi huchimbwa Makanya, Same, wala si mbali nanyi. Lakini jasi bila mifereji ya kutoa maji ni fedha iliyotupwa, kwa sababu magadi yanayong'olewa nayo yanahitaji kuondoka. Vyote viwili viende pamoja, na jasi itangulie kuosha. Kwa sababu hiyohiyo kina cha mita 1.2 kinanipa shaka. Kwenye ardhi kavu yenye chumvi, maji ya ardhini yakikaa karibu, jua linayavuta juu na chumvi yake. Mimi ningependa kushuka hadi mita 1.5 au zaidi, kama mto unaruhusu. Mnaona sasa kwa nini nilianza na mto.

Nigusie kidogo maji ya mvua kubwa, kwa kuwa mabomba hayakutengenezwa kwa ajili yake. Milimita 3 kwa siku kwenye hekta 60 ni mita za ujazo 1,800, yaani kama lita 21 kwa sekunde. Mfereji mdogo unazibeba. Lakini mvua ya usiku mmoja ya milimita 60, ikitiririka nusu yake na mkitaka iondoke ndani ya siku mbili, ni zaidi ya lita 100 kwa sekunde, mara tano ya hizo. Hiyo huondoka juu ya ardhi, kupitia mifereji ya wazi na makalvati yenye upana wa kutosha. Pendekezo lenye mabomba tu bila mifereji ya juu halijakamilika, hata kama lina kurasa 80.

Jirani yenu, basi, ana nusu ya ukweli. Mtaro wa wazi kwa kijiko unaweza kuwa ndio mfereji mkuu mnaouhitaji. Lakini mwambieni ukubwa wake. Mtaro wa kina cha mita 1.5, kitako nusu mita, kingo zikilala nyuzi 45, juu unakuwa na upana wa mita 3.5. Ongeza udongo uliotolewa na njia ya kupita kijiko wakati wa usafi, unakula kama mita 8. Kilomita moja ni hekta 0.8, ekari mbili za mtu. Ni za nani? Jibuni hilo kwenye mkutano na muhtasari uandikwe, kabla kijiko hakijawasha injini. Kwenye udongo wa kichanga kingo za nyuzi 45 zitaporomoka masika ya kwanza, na ng'ombe wakishuka kunywa zitaporomoka hata kwenye mfinyanzi. Na mtaro mmoja katikati ya udongo mzito hukausha ukanda mwembamba tu kila upande. Aliye mita 100 pembeni hataona tofauti.

Sasa malipo. Ada ya asilimia ya gharama ya ujenzi si wizi, ni desturi ya zamani kwenye taaluma yetu. Ila angalia inakoelekeza macho ya mtu. Akigundua kwamba mfereji mmoja wa kukinga unatosha, amejipunguzia mshahara kwa mkono wake mwenyewe. Wako wanaofanya hivyo kwa uaminifu, lakini mimi nisingependa kumweka mtu kwenye mtihani huo. Vilevile jihadhari na anayewapa usanifu wa bure kwa sharti la kununua bomba dukani kwake. Usanifu huo mtaulipia, tena kwa mita.

Mimi ningeugawa mkataba. Awamu ya kwanza ni uchunguzi, kwa kiasi kisichobadilika: vipimo vya mwinuko, mashimo ya udongo, tuseme moja kwa kila hekta tatu au nne, kasi ya maji kwenye kila shimo, matokeo ya maabara, usawa wa mto, na usomaji wa mabomba yenu ya kupimia kwa masika moja kamili. Mwisho wake alete ripoti inayosema wazi maji yanatoka wapi na njia mbili au tatu za kuyatatua, kila moja na makadirio yake, ikiwemo njia ya kutofanya chochote sehemu fulani. Vipimo vyote ghafi viwe mali ya kikundi. Hili liandikwe, kwa sababu nimeona vikundi vikilipia upimaji uleule mara tatu, kila mhandisi akiondoka na daftari lake. Hapo mna haki ya kusema asante na kuachana naye.

Mkiendelea, awamu ya pili ni usanifu, michoro na jedwali la kazi na gharama, kwa kiasi kilichokubaliwa. Ya tatu ni usimamizi, kwa siku anazokuwepo shambani. Siku hizo msizibanie. Bomba la shambani hulazwa na mteremko mdogo sana, mara nyingi sentimita 10 kwa kila mita 100, upana wa kiganja cha mkono tu. Likibonyea katikati kama tumbo la ng'ombe, tope linatua hapo na bomba linaziba, na hakuna atakayeona kwa kuwa limefukiwa. Msimamizi apime usawa wa kila mstari kabla udongo haujarudishwa, na fundi asifukie bila saini. Aamue pia kama bomba livikwe kitambaa cha kuchuja au kokoto: kwenye mchanga laini ni lazima, kwenye mfinyanzi ulioshikamana pengine si lazima. Mistari inapokutana na bomba kubwa, dai chemba zenye mfuniko, ili miaka ijayo maji yaweze kusukumwa ndani kusafisha. Mwisho wa kazi awape michoro ya jinsi mabomba yalivyolazwa kweli, siyo jinsi yalivyopangwa. Bila hiyo, mwaka wa tano trekta litatafuta bomba kwa jembe.

Upande wa sheria nitapita haraka. Namba yake ya usajili ihakikishwe Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na awe amesajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo mdomo wa mfereji wenu ujadiliwe na Bodi ya Bonde mapema na majibu yawe ya maandishi. Ofisi ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji mkoani nayo ijulishwe. Mara nyingine wana ramani za zamani ambazo zitawaokolea miezi. Na walioko chini yenu mtoni waambiwe. Maji yenu ya chumvi yatapita kwao.

Kuhusu huyo mhandisi wenu, sisemi mfukuzeni. Mwiteni, mpeni chai, mumuulize mita 20 ameipataje. Akisema ndivyo inavyofanyika kila mahali, mshukuruni na mlipeni nauli. Akinyamaza kidogo, akasema anahitaji kuchimba mashimo kwanza lakini aliogopa hamtakubali kulipia mashimo, mpeni awamu ya kwanza.

Mabomba ya kupimia wekeni kabla masika haijaanza, maana mkichelewa hapo mmepoteza mwaka mzima wa usomaji. Vipande nane, keekee moja ya kuazima, siku mbili za vijana wanne. Daftari liwe la jalada gumu na likae nyumbani kwa mtunza hazina, siyo kwa yule anayesoma. Ikifika Agosti nitumie nakala ya kurasa zake, na uniandikie tarehe mfereji wa juu ulipofungwa na ulipofunguliwa.